Moyo wa Paka na Maradhi Yake

Paka wa shule hana jina katika daftari la mahudhurio, wala halipiwi karo, lakini kazi yake yaonekana. Ghala la unga lisilo na paka huchezewa na panya usiku kucha, na asubuhi mpishi hukuta magunia yametobolewa. Kwa hiyo shuleni kwetu, kama katika shule nyingi za bweni hapa Uganda, paka ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Hata hivyo akiugua, ni wachache kati yetu wajuao kilichompata. Husemwa, "Amekula sumu," au, "Amepigwa," au, "Ni uzee tu," na habari hukomea hapo.

Ndugu wasomaji, pamoja nanyi mliokwisha kumaliza shule na sasa mna nyumba na paka wenu, nataka kuwaelezeni habari za ugonjwa mmoja uwapatao paka wengi kwa siri, yaani ugonjwa wa moyo. Nitaonyesha jinsi unavyoingia, jinsi ya kuutambua mapema bila chombo cho chote ila saa, na yale yawezayo kufanywa. Neno kubwa nitakalo mlishike ni hili: paka huficha ugonjwa wa moyo wake, lakini hawezi kuficha pumzi zake akilala.

Kwanza tuutazame moyo wenyewe. Mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, alitoa kitabu kilichoonyesha ya kuwa damu huzunguka mwilini, ikitoka moyoni na kurudi moyoni. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu, na ndivyo ilivyo kwa paka. Moyo wa paka una vyumba vinne kama wetu: viwili vya juu hupokea damu, na viwili vya chini huisukuma. Upande wa kulia hupeleka damu mapafuni ili ichukue oksijeni, na upande wa kushoto huipokea damu hiyo na kuieneza mwili mzima. Kuna vilango ambavyo hufunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi ilikotoka.

Moyo huo si mkubwa kuliko ndimu, lakini kazi yake ni ya ajabu. Wetu hupiga kama mara 70 kwa dakika tukiwa tumetulia. Wa paka hupiga mara 140 mpaka 220. Tukichukua mapigo 160 kwa dakika, tukazidisha kwa dakika 60 na tena kwa saa 24, twapata mapigo 230,400 kwa siku moja. Kati ya pigo na pigo moyo una nafasi ndogo sana ya kulegea na kujaa damu. Shikeni neno hilo la kujaa, maana hapo ndipo ugonjwa mkubwa wa moyo wa paka unapoingilia.

Ugonjwa huo ni kunenepa kwa misuli ya moyo. Kuta za chumba cha chini cha kushoto huongezeka unene, na nafasi iliyo ndani hupungua. Mfano wake ni mtu mwenye nyumba ya udongo ambaye kila mwaka hukandika kuta zake kwa ndani. Kwa nje nyumba ni ile ile, lakini chumba kinazidi kuwa kidogo, mpaka kitanda hakiingii. Moyo wa namna hiyo una nguvu ya kusukuma, lakini umekuwa mgumu, haulegei vizuri, na damu haipati nafasi ya kutosha. Damu iliyokosa nafasi hubaki nyuma katika chumba cha juu, nacho hutanuka. Ikizidi, msongo hurudi mpaka mapafuni, na maji huanza kuvuja ndani ya mapafu, au kukusanyika kifuani na kuyabana mapafu. Hapo paka huanza kutafuta hewa.

Wachunguzi waliowapima paka walioonekana wazima walikuta ugonjwa huu katika paka 15 hivi kwa kila 100. Madume hupatwa zaidi kuliko majike. Kwa paka wa jamii ya Maine Coon ilijulikana mwaka 2005 ya kuwa kuna kasoro irithiwayo kwa wazazi, na mwaka 2007 ikajulikana vivyo hivyo kwa jamii ya Ragdoll. Lakini paka wa kawaida nao, kama hawa wetu wasio na ukoo mashuhuri, hupatwa sana. Jambo la kufariji ni kwamba wengi wenye kuta nene huishi miaka mingi, hata maisha yao yote, bila dalili.

Kuna hatari ya pili. Katika kile chumba cha juu kilichotanuka damu haiendi mbio. Yazunguka pole pole kama maji ya kidimbwi kando ya mto, na damu ikituama huganda. Donge la damu likifanyika, siku moja laweza kung'oka, likasafiri katika mshipa mkuu mpaka mahali ugawanyikapo kuelekea miguu ya nyuma. Hapo hukwama kama kizibo. Mara moja paka aliyekuwa akitembea huanza kuburuta miguu ya nyuma na kulia kwa maumivu makali.

Jambo hili tuliliona shuleni kwetu, na mtoto mmoja alikuwa karibu kupewa adhabu isiyo yake. Asubuhi moja paka wa jikoni alikutwa nyuma ya ghala akijiburuta na kulia. Jioni iliyopita mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa ameonekana mahali pale pale na fimbo, akiangusha maembe. Basi wengi wakasema kwamba amemvunja paka mgongo. Mtoto alikana huku akilia, lakini nani amsadikiye aliyeonekana na fimbo? Mwalimu wa zamu alisema jambo hilo litapelekwa kwa Fadha, mkuu wa shule, baada ya masomo, na sote tulijua maana yake.

Kwa bahati njema daktari wa mifugo alikuwa amekuja siku ile kuwachanja ng'ombe wa misheni, na mzee mpishi akaenda kumwita. Yule bwana hakuuliza habari za fimbo. Alishika miguu ya mbele ya paka, kisha ya nyuma, akamwambia mwalimu naye ashike. Ya mbele ilikuwa na joto. Ya nyuma ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Nyayo za mbele zilikuwa na wekundu, za nyuma zilikuwa zimepauka. Akatafuta mapigo ya mshipa ndani ya mapaja, hayakuwapo. "Mwalimu," akasema, "paka aliyevunjwa mgongo hatembei, lakini miguu yake haiwi baridi namna hii, maana damu yapita. Huyu damu yake imezibwa, na kizibo kimetoka moyoni."

Maumivu yalikuwa makubwa, na paka alikuwa akihema kwa kinywa wazi. Mzee mpishi aliulizwa, akakubali kwa huzuni apigwe sindano ya kumlaza asiamke tena. Kisha daktari akatuita sisi wanafunzi wa Biolojia akafungua kifua mbele yetu. Ukuta wa moyo ulikuwa mnene hata chumba cha ndani kimebaki kama ufa, na pale mshipa ugawanyikapo palikuwa na donge jeusi, refu kama punje mbili za mahindi. Yule mtoto wa kidato cha kwanza aliitwa aje aone. Mwalimu alimwomba radhi mbele ya wote, na neno likaisha. Naeleza habari hii ili ijulikane kwamba kujua maradhi ya paka si anasa. Asiyejua ugonjwa hutafuta mtu wa kumlaumu.

Si kila ugonjwa wa moyo wa paka hutokana na ukoo. Kuna mmoja ambao hutoka katika sahani. Huo ni kinyume cha ule wa kwanza: kuta huwa nyembamba, moyo hutanuka kama mfuko uliolegea, na nguvu ya kusukuma hupotea. Zamani ulikuwa ukiwaua paka wengi huko ng'ambo, hata wale waliolishwa chakula cha dukani. Mwaka 1987 daktari Paul Pion na wenzake, wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, walionyesha ya kuwa paka hao walipungukiwa na kitu kiitwacho taurini, na walipopewa, mioyo yao ilipata nguvu tena. Watengenezaji wakaongeza taurini katika vyakula vya paka, na tangu hapo ugonjwa huo umekuwa wa nadra kwa paka wanaolishwa vyakula hivyo.

Taurini imo katika nyama na samaki. Katika posho, mkate, maharagwe na viazi usiitafute. Mtu aweza kujitengenezea taurini mwilini, lakini paka hawezi kujitengenezea ya kumtosha. Paka awindaye huipata katika panya. Lakini paka aliyefungiwa ndani akalishwa posho na mchuzi wa maharagwe kila siku, moyo wake wakaa na njaa hata kama tumbo limejaa. Ukosefu huo huharibu macho pia, hata kuleta upofu. Basi mpe dagaa, ambao hapa kwetu huitwa mukene, au vipande vya sangara, au nyama na moyo wa kuku au wa ng'ombe. Taurini huyeyuka katika maji ya kuchemshia; kwa hiyo usiyamwage maji hayo, mpe pamoja na chakula. Usitie chumvi, na vitunguu usitie kabisa, maana vitunguu huharibu damu ya paka. Chakula cha mbwa nacho si badala ya chakula cha paka.

Paka wazee wana mambo mawili zaidi. La kwanza ni tezi ya shingoni ifanyayo kazi kupita kiasi. Paka hula sana na bado hukonda, na moyo wake huenda mbio mchana na usiku mpaka uchoke. La pili ni shinikizo kubwa la damu, ambalo mara nyingi hufuatana na ugonjwa wa figo, na laweza kumpofusha ghafula. Maradhi haya mawili yana dawa, na yakitibiwa mapema moyo nao hupata nafuu. Kwa hiyo si vema kusema "ni uzee tu" kabla mzee hajapimwa.

Sasa tuje kwenye dalili. Mbwa mwenye moyo mgonjwa hukohoa, na mtu mwenye moyo mgonjwa husema kifua chamwuma. Paka hasemi, na kukohoa kwa sababu ya moyo ni nadra kwake. Yeye hupunguza mambo yake kidogo kidogo. Hapandi tena juu ya magunia. Hukaa peke yake chini ya kitanda. Huacha nusu ya chakula. Hulala zaidi ya kawaida. Mwenye nyumba huona paka mtulivu, kumbe ni paka anayeweka akiba ya pumzi.

Ndiyo maana twapaswa kuhesabu. Ngoja paka alale usingizi mzito, mahali pasipo joto kali, wala asiwe akikoroma kwa furaha kama afanyavyo akipapaswa. Tazama ubavu wake. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Paka mzima aliyelala huwa chini ya pumzi 30 kwa dakika. Andika hesabu yako katika daftari, urudie siku kadhaa, ili ujue kawaida ya paka wako. Ukikuta zimezidi 30 na zinabaki hivyo kila upimapo, au zinapanda siku hata siku, mpeleke kwa daktari upesi, hata kama anakula na kutembea. Nasi darasani tumegawana zamu ya kumhesabu paka mpya wa jikoni kila Jumamosi. Mpaka leo hajapita pumzi 24.

Dalili tatu hazingoji kesho. Ya kwanza ni paka kupumua kwa kinywa wazi akiwa ametulia. Ya pili ni ulimi au ufizi kugeuka rangi ya buluu au kupauka sana. Ya tatu ni ile ya miguu ya nyuma kupooza ghafula na kuwa baridi. Ukiona moja ya hizo, usimkabe, usimlaze chali, wala usimmiminie maji au dawa kinywani, maana kuhangaika kwaweza kumwua. Mwingize taratibu katika kapu au sanduku lenye matundu, mfunike kwa kitambaa chepesi, umpeleke kwa daktari bila kelele.

Daktari atafanya nini? Atasikiliza kifua kwa chombo ambacho asili yake ni karatasi iliyokunjwa na Mfaransa Laennec mwaka 1816. Aweza kusikia mvumo wa damu au mapigo yasiyo na mpango. Lakini paka wengine wenye mvumo ni wazima, na wengine wagonjwa hawana mvumo wo wote. Kwa hiyo kipimo kilicho bora ni mashine ya mawimbi ya sauti, ionyeshayo moyo ukipiga. Ukuta wa chumba cha kushoto ukifika milimita 6 au zaidi wakati moyo umelegea, daktari huhesabu kuwa ni mnene kupita kawaida. Picha ya eksirei huonyesha maji mapafuni, na kuna kipimo cha damu pia. Mashine hizo hazipo kila wilaya. Lakini Makerere hapa Uganda, Kabete karibu na Nairobi, na Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro ni mahali wasomeshwapo madaktari wa wanyama, na daktari wa wilaya aweza kuwaelekeza penye vipimo.

Moyo ulionenepa kwa urithi haurudi kuwa kama zamani, na ni vema tuseme kweli. Lakini mgonjwa aweza kusaidiwa. Maji yaliyo kifuani huvutwa kwa sindano, na dawa iitwayo furosemaidi huyatoa maji ya mapafu kwa njia ya mkojo. Kwa paka aliye katika hatari ya donge la damu hutumiwa klopidogreli. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2015, paka waliowahi kupatwa na donge wakapewa dawa hiyo walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kupatwa tena kuliko waliopewa aspirini: muda wa katikati ulikuwa siku 443 kwa hao, na siku 192 kwa wale. Tena mwaka 2025 Marekani iliruhusu kwa masharti dawa ya sirolimasi kwa paka wenye kuta nene ambao hawajaonyesha dalili. Asili ya dawa hiyo ni vijidudu vya udongo wa kisiwa cha Rapa Nui katika bahari ya Pasifiki.

Neno la kuonya kwa nguvu: usimpe paka dawa za watu kwa kukisia. Paracetamol, ambayo sisi humeza kwa kichwa kuuma, yaweza kumwua paka hata kwa kipande cha kidonge. Aspirini nayo ni hatari isipopimwa na daktari. Hata zile dawa nilizozitaja ni za kupimwa kwa uzito wa mnyama, na mgonjwa mwenyewe ana kilo 4 tu.

Kazi ya mwenye paka mgonjwa ni rahisi kuitaja, lakini yataka uaminifu. Ampe dawa saa zile zile kila siku, wala asiikatize kwa sababu paka aonekana amepona. Amwekee maji safi wakati wote, hasa akinywa furosemaidi, maana hukojoa sana. Asimpe mabaki yenye chumvi. Ampatie mahali pa kulala palipo na kivuli na utulivu, mbali na mbwa na watoto wa kumkimbiza. Ahesabu pumzi kila siku na kuandika, ili daktari aone katika daftari yale ambayo paka hawezi kumwambia. Na ikifika siku ambayo dawa hazishiki tena na mnyama ateseka kwa kukosa hewa, asione haya kumwomba daktari amlaze. Hiyo nayo ni huruma.

Wazee husema, dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya ugonjwa huu ni pumzi za paka aliyelala, na kuzihesabu huchukua nusu dakika tu. Basi wewe mwenye paka, usiku huu kabla hujazima taa, chukua saa yako ukamtazame ubavuni.